Kuzima taa saa moja ni poa, lakini kibaba kinavuja

Wasee, leo tuanze na hesabu ambayo hakuna mtu huweka kwa bango.

Ukizima balbu tano za LED, kila moja ya wati 9, kwa saa moja nzima, umeokoa uniti 0.045 za stima. Tuseme uniti moja inakugharimu shilingi 28 ukiweka ushuru na ada zote ndani. Hiyo ni bob moja na senti kidogo. Hata peremende ya maana dukani hupati.

Sasa ingia bafuni uwashe ile hita ya kuchemsha maji papo hapo. Nyingi ni za wati 5,000 au zaidi. Ukikaa chini yake dakika 12, umekula uniti moja nzima. Hiyo uniti moja ni sawa na zile balbu tano zikiwa zimezimwa kwa masaa 22. Na kwa sababu Earth Hour huja mara moja kwa mwaka, ina maana kuoga mara moja tu kumemeza miaka 22 ya wewe kukaa gizani kwa ajili ya dunia.

Usikasirike. Sijasema usioge.

Nauliza tu swali ambalo naona watu wa rika langu wakilikwepa kila mwaka: hizi ishara ndogo ndogo za kuokoa stima, kuzima taa saa moja, kuchomoa chaja, kuposti mshumaa, zinafanya kitu kweli? Ama ni picha tu?

Jibu langu liko katikati, na nitakuonyesha nimelitoa wapi.

Ilianzia wapi

Earth Hour ilianza Sydney, Australia, tarehe 31 Machi 2007. Shirika la WWF liliomba watu wazime taa kwa saa moja, na zaidi ya watu milioni mbili wakakubali. Mwaka uliofuata ikawa ya dunia nzima. Siku hizi inafanyika katika nchi na maeneo zaidi ya 180, kwa kawaida Jumamosi ya mwishomwisho wa Machi, kuanzia saa mbili unusu hadi saa tatu unusu usiku. Hata hapa Nairobi kuna majumba yamewahi kuzimwa.

Watafiti wawili walikusanya takwimu za nchi kumi kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka wa 2014. Kwa wastani, matumizi ya stima yalishuka kwa asilimia 4 katika ile saa. Kuna mahali yalishuka sana, na kuna mahali hayakushuka kabisa.

Asilimia 4 si bure. Lakini tuilete nyumbani tuone uzito wake.

Kenya ikiwa kwa kilele cha jioni, matumizi sasa yamepita megawati 2,300. Asilimia 4 ya hapo ni kama megawati 92. Tuseme basi Wakenya wote wameshiriki, kila kitu kimeenda vizuri, na kwa hiyo saa moja tumeokoa megawati-saa 92. Makofi.

Sasa shika hii nyingine. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, karibu asilimia 23 ya stima iliyonunuliwa kuwekwa kwa gridi ya Kenya ilipotea kabla ya kulipiwa. Nyingine hupotea kama joto kwa nyaya ndefu na transfoma zilizochoka. Nyingine huibwa na watu waliojiunganishia. Mwaka huo stima iliyonunuliwa ilikuwa zaidi ya gigawati-saa 13,600. Ukipiga hesabu, hasara hiyo inameza zile megawati-saa 92 kwa karibu dakika 15.

Robo saa tu. Nchi nzima ingekaa gizani saa moja, na gridi ingemwaga hiyo faida yote kabla chai yako haijapoa.

Kwa hivyo mtu akiniambia haba na haba hujaza kibaba, namwambia ndiyo, methali ni ya kweli. Lakini methali inadhani kibaba hakina tundu. Hiki chetu kilivuja karibu robo mwaka huo, na badala ya kuuliza nani anaziba, tunamwambia mtoto wa Form Two achomoe chaja ya simu.

Chaja ndiyo imebebeshwa lawama

Na hii chaja, hebu tuimalize leo.

Betri ya simu ya kawaida, ile ya 5,000 mAh, ina nguvu ya kama wati-saa 19. Hata ukiongeza ile inayopotea wakati wa kuchaji, kujaza simu kutoka sufuri hadi mia hakufiki bob moja. Chaja ikikaa kwa soketi bila simu inakula kidogo sana hata hiyo mita yako haistuki. David MacKay, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyekuja kuwa mshauri wa serikali ya Uingereza, alifanya hii hesabu katika kitabu chake kuhusu nishati: chaja ukiizima siku nzima, umeokoa nguvu ambayo gari la petroli linatumia kwa sekunde moja barabarani.

Sekunde moja! Na hiyo chaja ndiyo tumefundishwa kuionea haya.

Lakini angalia vitu vingine ndani ya keja ambavyo hakuna mtu huvitaja. Dikoda ya zamani ya TV, kama inakula wati 10 hata ikiwa "imezimwa" na rimoti, na wewe unatazama masaa manne kwa siku, yale masaa 20 mengine yanakugharimu uniti 73 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya shilingi 2,000 za kuangalia kitaa chekundu. Balbu moja ya kizamani ya wati 60, ile ya mwanga wa manjano inayochoma vidole, ukiibadilisha na LED ya wati 9 na inawaka masaa matano kila siku, unaokoa karibu uniti 93 kwa mwaka. Hiyo ni kama shilingi 2,600. Balbu moja tu. Umeibadilisha mara moja ukasahau.

Hapo ndipo naona tofauti. Kuzima taa kwa saa moja ni kitendo, na kinaisha saa tatu unusu. Kubadilisha balbu ni mashine mpya, na inaendelea kukufanyia kazi ukiwa umelala, ukiwa shule, ukiwa umeshasahau hata kama kuna kitu kinaitwa mabadiliko ya tabianchi.

Kenya yenyewe ilishafanya hii kitu kwa ukubwa. Mwaka wa 2010, balbu za kuokoa stima zaidi ya milioni moja ziligawiwa bure kwa nyumba za watu: unarudisha ya zamani, unapewa mpya. Hakukuwa na mshumaa wala hashtegi, na sidhani kama kuna mtu wa umri wangu anaikumbuka. Lakini kilele cha jioni kilipunguzwa kweli kweli, tena kila siku, si Jumamosi moja.

Stima yetu si kama ya Sydney

Kuna jambo lingine ambalo posti nyingi za Earth Hour huruka, kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Sydney ya 2007 ilikuwa inawasha taa kwa makaa ya mawe. Ukizima taa kule, kuna makaa hayachomwi. Hapa kwetu karibu asilimia 90 ya stima inatoka kwa vyanzo safi: mvuke wa ardhini kule Olkaria karibu na Naivasha, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana wenye uwezo wa megawati 310, na jua kidogo. Mvuke wa Olkaria hauna habari na balbu yako. Unapanda tu, mchana na usiku.

Saa nane usiku, wengi wakiwa wamelala, matumizi yanashuka sana hivi kwamba kuna wakati mvuke unaachiliwa uende hewani na upepo unaambiwa usubiri, kwa sababu hakuna wa kutumia. Kwa hivyo ukizima taa yako saa nane usiku kwa ajili ya tabianchi, umeokoa pesa yako, sawa, lakini hewa haijasikia kitu.

Hadithi inabadilika kuanzia saa moja jioni hadi kama saa nne usiku. Hapo kila mtu ako nyumbani. Pasi zinawaka, TV zinawaka, bafu zinanguruma, mtu anachemsha maji kwa birika la stima. Mvuke na upepo havitoshi. Ndipo zile mashine za mafuta zinaingia kazini, na ndiyo maana kwa risiti yako ya tokeni kuna ada ya mafuta. Novemba 2024 Rais Ruto mwenyewe alikubali kwamba kuna sehemu za nchi zinazimiwa stima kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kwa sababu haitoshi wote.

Umeona mchezo? Hapa Kenya swali la "umetumia ngapi" linakuja la pili. La kwanza ni "umetumia saa ngapi". Ukipiga pasi nguo za wiki nzima saa tano asubuhi Jumamosi badala ya saa mbili usiku Jumapili, umefanya kazi kubwa kuliko Earth Hour tatu. Hakuna mtu atakupigia makofi, na haina picha nzuri. Picha gani sasa, mtu na pasi?

Tena, kwa nchi kama yetu kuna wakati kutumia stima zaidi ndiyo kuokoa. Pikipiki ya umeme ikichajiwa usiku wa manane inakunywa mvuke ambao ungeachiliwa bure, na inaacha petroli kwa kituo. Ndiyo maana bei mpya za stima zilizoanza Aprili 2023 ziliweka kiwango maalum cha magari na pikipiki za umeme, na usiku kiko nusu ya mchana. Hiyo sheria moja, ambayo haina wimbo wala tisheti, inaweza kufanya watu wa boda wengi wabadilishe mashine kuliko mahubiri yote ya mtandaoni.

Na wewe uliyewasha mshumaa kwa ajili ya picha: mishumaa mingi ya madukani ni nta ya parafini, na hiyo inatoka kwa mafuta ghafi. Hapa Kenya, kuzima LED ukawasha mshumaa ni kutoka kwa moshi kidogo kuingia kwa moshi mwingi. Sitaki hata kuongelea nyumba za mabati na mapazia. Tumeshaona mitaa ikiungua kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Kuna wenye hawana ya kuzima

Sensa ya 2019 ilisema kama nusu tu ya nyumba za Kenya, asilimia 50.4, ndizo zilikuwa zinatumia stima ya gridi kama mwanga wao mkuu. Asilimia 55 zilikuwa zinapika kwa kuni. Tangu hapo watu wengi wameunganishwa, hilo ni kweli, lakini bado kuna mamilioni ambao giza kwao si kampeni. Giza ndiyo kawaida.

Fikiria msichana wa miaka 16 ambaye anasomea kwa kitaa cha sola na mamake anapika kwa kuni, macho yakitoka machozi. Anafungua simu, anaona mtu wa Kileleshwa amekaa gizani kwa saa moja kwa kupenda, ameandika maneno matamu. Atajifunza nini hapo? Kwamba giza ni kitu matajiri huonja kisha wanarudi.

Sisemi anayezima taa ni mbaya. Nasema tujue tunaongea na nani. Kwa huyo msichana, kuokoa nishati ni jiko linalotumia kuni kidogo, au bei ya gesi ya kupikia ikishuka ifikike. Hiyo ni vita ya kodi na bei. Inapiganwa bungeni, kwa bajeti, Juni kila mwaka.

Kwa nini wakubwa wanapenda ishara

Sasa hapa ndipo naanza kuchemka kidogo.

Mwaka huu nilitumiwa ujumbe na kampuni moja, jina naliacha. Walitaka video ya sekunde 30: nizime taa, niwashe mshumaa, nitazame dirishani kama mtu ameachwa, kisha nitaje jina lao. Malipo yalikuwa mazuri, na mimi napenda pesa kama nyinyi. Nikawauliza swali moja tu: ofisi zenu zilitumia uniti ngapi mwaka jana, na mwaka huu mnalenga ngapi? Kimya. Nikauliza tena. Wakaniambia hilo ni jambo la idara nyingine. Mpaka leo hiyo idara haijanipata.

Ishara ni tamu kwa mkubwa kwa sababu ni rahisi na ina mwisho. Anazima taa za jengo saa moja, anapigwa picha, na kesho ngazi, lifti na viyoyozi vinaendelea kunguruma usiku kucha kwa ghorofa tupu. Pita barabara kubwa yoyote ya Nairobi saa tisa usiku uangalie zile skrini za matangazo zinavyong'aa. Zinamtangazia nani? Mlinzi na paka?

Hata lile neno la "alama yako ya kaboni", ambalo sote tumelishika kama letu, lilisukumwa sana na kampuni ya mafuta ya BP kwa matangazo yake katikati ya miaka ya 2000. Waliweka hadi kikokotoo cha wewe kujipima. Wenye kuchimba mafuta wakakuomba wewe ujichunguze. Ukishaanza kujilaumu kwa sababu ya chaja, huna muda wa kuuliza maswali ya visima.

Serikali pia inaujua huu mchezo. Septemba 2023, kwa Mkutano wa Tabianchi wa Afrika pale KICC, Rais Ruto alifika akiendesha mwenyewe gari dogo la umeme. Picha ilitembea dunia nzima, na ukweli ilikuwa picha kali. Swali langu ni moja: magari ya serikali mangapi yamebadilika tangu siku hiyo? Kama jibu linajulikana, liwekwe wazi tuhesabu. Kama halijulikani, basi lile lilikuwa gari la picha.

Lakini ishara si takataka

Ningekuwa mvivu ningeishia hapa niseme ishara zote ni upuzi. Mbogi ya "hakuna kitu inasaidia" ingenipenda sana. Lakini si kweli, na hiyo mbogi pia haijawahi kubadilisha hata balbu.

Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba pale Kamukunji, Nairobi. Saba! Ukiangalia kwa hesabu, miti saba dhidi ya jangwa ni ishara tupu, chini kuliko hata balbu zetu tano. Lakini nyuma ya ile saba kulikuwa na mpango. Vikundi vya akina mama vijijini vilifundishwa kuotesha miche, na mama alilipwa pesa kidogo kwa mche ulioshika na kumea. Angalia hapo vizuri: si mche uliopandwa siku ya kamera, ni mche uliobaki hai. Kuna mtu alikuwa anarudi kuhesabu. Ndiyo maana miti saba ikazaa mamilioni, na mwaka wa 2004 ikazaa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Linganisha na tarehe 13 Novemba 2023, tulipopewa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti. Wengi walipanda, wengi wakapiga picha, wengi wakalala. Ni wangapi walirudi baada ya miezi mitatu na ndoo ya maji?

Hata Earth Hour yenyewe, mahali imeshikanishwa na kitu, imezaa. Majirani zetu Uganda, mwaka wa 2013, WWF ya kule iliitumia kuanzisha msitu walioupa jina la Earth Hour, kwenye ardhi ya kama hekta 2,700 iliyokuwa imeharibiwa. Saa ya giza ilikuwa kengele tu. Kazi ilikuwa msitu.

Na kumbuka mifuko ya plastiki. Kwa miaka tuliambiwa tubebe kiondo, tupende mazingira, tuwe watu wazuri. Kuna waliobeba, ila mitaro ilibaki imeziba. Halafu tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ikaanza, na faini ya hadi shilingi milioni 4 au jela hadi miaka 4. Wiki chache, mifuko ikapotea dukani. Je, wale wa kiondo walipoteza muda? Hapana. Ni wao waliofanya sheria ionekane inawezekana. Lakini kilichosafisha duka la mtaani ni sheria, kiondo kilitangulia tu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: ishara ni kengele. Kengele ya shule haifundishi Hisabati, ila bila kengele hakuna mtu anaingia darasani. Shida ni watu kupiga kengele kila mwaka, wakapigiana makofi kwa mlio wake mzuri, wakaenda nyumbani bila mwalimu kuingia.

Maswali matatu ya kupima ishara

Ukiletewa kampeni yoyote ya kuokoa stima, shuleni, kazini, ama na kampuni inayotaka sura yako, uliza haya.

Kwanza: kuna mashine au bei inayobadilika, ama ni tabia ya siku moja? Balbu mpya, jiko jipya, bei ya usiku, hizo zinabaki. Hasira ya Jumamosi haibaki.

Pili: anayetumia nyingi zaidi ameombwa nini? Kama shule ina taa za uwanja zinazowaka hadi asubuhi na anayeombwa ni mwanafunzi wa bweni, hapo unabebeshwa mzigo wa mtu.

Tatu: nani atahesabu mwaka ujao? Kama hakuna namba ya leo, hakutakuwa na namba ya kesho, na mwakani mtapiga picha ileile na nguo tofauti.

Nipe mfano mdogo. Kwa ploti tunayoishi kuna taa nane za ngazi na za nje, zote zilikuwa balbu za wati 60, zikiwaka masaa 12 kila usiku. Bili yake inagawanywa kwa nyumba 16. Msichana mmoja wa Form Four aliamua kupiga hesabu hiyo kwa karatasi na kuibandika karibu na geti: uniti kama 173 kwa mwezi, karibu shilingi 4,800. Chini yake akaandika hesabu ya LED za wati 9: uniti 26, kama shilingi 730. Hakuandika kitu kuhusu dunia wala barafu ya kaskazini. Aliandika tu kwamba kila nyumba inapoteza zaidi ya shilingi 250 kila mwezi.

Keateka akaipiga picha akamtumia mwenye ploti. Wapangaji wakaichanga wenyewe kwa sababu hiyo karatasi ilikuwa inauma kila ukipita. Balbu nane zikabadilishwa kwa siku moja, na pesa za balbu zikarudi ndani ya mwezi wa kwanza.

Hiyo karatasi ni ishara. Haikuokoa hata wati moja ikiwa imebandikwa pale. Lakini ilikuwa na mashine ya kubadilisha, ilikuwa na anayepaswa kulipa, na ilikuwa na namba. Imefaulu mtihani wote mitatu, na iliandikwa na mtu ambaye bado anaulizwa kama amemaliza kazi ya likizo.

Najua kuna mtu atasema, "Wewe unahesabu tu, lakini mioyo ya watu pia ni muhimu." Sawa kabisa. Mimi pia nataka watu waguswe. Lakini moyo ulioguswa ukakosa pa kwenda unarudi kulala. Wanasaikolojia wameandika sana kuhusu jinsi mtu akifanya kitu kizuri kidogo anavyojiruhusu kufanya kibaya baadaye, kwa sababu anahisi ameshalipa deni. Nimezima taa Jumamosi, kwa hivyo wacha niache TV ikiongea na viti Jumapili. Ishara bila hesabu inaweza kutuacha nyuma kuliko ilivyotukuta.

Basi tufanye hivi

Machi ikifika, zima taa ukitaka. Kaa na familia, piga stori, angalia nyota kama mtaa wenu bado unazo. Ni kitu kizuri, na mimi nitazima pia. Lakini usiwashe mshumaa wa nta, na usimwambie mtu umeokoa dunia. Umeokoa bob moja.

Halafu tumia ile saa kwa kazi. Chukua simu, fungua ujumbe wa tokeni za mwisho ulizonunua, usome kila mstari: uniti ngapi, ada ya mafuta ngapi, ushuru ngapi. Jua kama nyumba yenu iko chini ya uniti 30 kwa mwezi, kati ya 31 na 100, ama juu ya 100, kwa sababu tangu Aprili 2023 hivyo vikundi vitatu vina bei tofauti, na ukishuka kundi mathe ataona kwa mfuko. Andika namba ya mita. Zunguka nyumba utafute balbu ya manjano na dikoda inayokula bure.

Ukimaliza nyumbani, angalia juu. Shule yako, kanisa au msikiti wako, ofisi unayofanya atachimenti, ile jumba yenye skrini kubwa. Uliza swali nililowauliza wale wa kampuni: mwaka jana uniti ngapi, mwaka huu mnalenga ngapi? Uliza kwa heshima, uliza kwa maandishi, uliza mara mbili. Na kila mwaka takwimu za hasara ya gridi zikitoka, ziposti kama unavyoposti matokeo ya mechi. Hasara ikishuka kwa asilimia moja tu ya stima yote inayonunuliwa, hiyo ni stima nyingi kuliko Earth Hour zote ambazo Kenya imewahi kufanya na itakazofanya ukiwa hai.

Haba na haba bado hujaza kibaba. Tuendelee kuleta haba zetu, ni sawa. Lakini wasee, tuanze kuwauliza wenye kibaba kwa nini kinavuja.

Nataka kuona namba kutoka kwenu. Sitaki picha ya giza. Nitumie uniti za mwezi uliopita na za mwezi huu, na uniambie ulibadilisha nini hapo katikati. Nitaziposti zote, kubwa kwa ndogo.